Sura ya Mama Mnadani

Lian alimwona mama yake chini ya kokwa za duriani.

Jumapili hiyo mumewe, Kim Teik, alikuwa ametandaza gazeti juu ya meza ya uani na kupasua tunda la pili, na wote wawili walikuwa wamekula mpaka wanahema. Lian alipoanza kukusanya maganda ili ayatupe, uso ukamtazama kutoka kwenye karatasi iliyolowa. Ulikuwa uso mdogo, kama stempu ya barua. Nywele zimefungwa fundo kisogoni, blauzi ya kebaya imebanwa kifuani kwa pini, macho yanatazama mbele kabisa na masikio yote mawili yako wazi, kama inavyotakiwa kwa picha ya marehemu.

"Teik! Usiguse hilo gazeti!"

"Nimeligusa tangu asubuhi, mke wangu. Lina nini?"

"Mama yumo humu."

Kim Teik akaja akijipangusa vidole kwenye kaptula. Akainama, akanusa, kisha akasoma kwa sauti ya mtu asiye na haraka. Jumatano saa nne asubuhi, katika ukumbi wa jumba la zamani la wafanyabiashara wa utomvu wa mpira, kungekuwa na mnada wa kazi za marehemu mchoraji Cheah Boon Tat, za pasteli na za rangi za maji, nyingi zikiwa hazijawahi kuonekana na watu. Chini ya ule uso mdogo waliandika: "Binti wa Kebaya ya Kijani, pasteli."

"Cheah Boon Tat si ndiye aliyemchora mama yako?"

"Ndiye."

"Basi labda amefanana tu. Wanawake wa zamani wote walivaa hivihivi."

"Mimi nisimjue mama yangu?" Lian alifoka. "Mwanamke niliyemwona kila siku ya maisha yangu?"

Hapo inabidi nieleze, maana bila hilo utamwona Lian kichaa. Mama yake alifariki mwaka mmoja baada ya vita, Lian akiwa hajaanza hata kusema sawasawa. Hamkumbuki. Hakumbuki sauti, wala harufu, wala mkono. Picha zote za mama ziliteketea duka la familia lilipopigwa bomu, isipokuwa moja, na hiyo moja, hivyo ndivyo Lian alivyosimuliwa, alipewa mzee Cheah akaikuza kwa chaki zake laini za rangi, kisha mchwa wakaila. Kwa hiyo mama wa Lian alikuwa ile pasteli iliyotundikwa juu ya madhabahu ya wahenga katika nyumba ya kwao, basi. Ndiyo aliyoipelekea matokeo ya shule. Ndiyo aliyoipigia magoti siku ya harusi yake, na ndiyo aliyoionesha watoto wake mmoja mmoja walipozaliwa. Wengine hapa kisiwani Penang wanampenda mama aliyewapiga na kuwalisha. Lian alimpenda mama wa unga wa chaki nyuma ya kioo, na hakuna aliyempenda mama yake kumshinda.

Na sasa unga huo unapigwa mnada.

Nani angeweza kuutoa? Nyumbani kule aliishi mtu mmoja tu, dada yake mkubwa, Gaik Looi. Lian hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Tachi, kama anavyoitwa dada wa kwanza kwenye nyumba zetu, na Tachi ndiye aliyemlea, kwa kuwa alikuwa kigoli wa miaka kumi na sita mama alipoondoka. Hakuolewa. Alibaki na nyumba, na bibi mpaka bibi akafa, na madhabahu.

Majirani wote walisema Tachi amemchukua mama uso mzima. Lian alikuwa akisikia hilo tangu utotoni na lilimchoma kila mara, kwa sababu yeye alimchukua baba, pua na kila kitu. Tofauti pekee, walivyotania, ilikuwa kwamba mama ana masikio mawili na Tachi ana moja na nusu. Wakati wa vita, Wajapani walipotutawala, mporaji alimnyofoa hereni ya kushoto, ndewe ikapasuka, na tangu hapo alivaa hereni upande mmoja tu.

"Siwezi kuamini Tachi auze picha ya mama," alisema Kim Teik.

"Mimi naweza," alisema Lian, naye akashangaa jinsi maneno yalivyotoka upesi.

Maana shaka ilikuwepo siku nyingi, ila haikuwa na pa kukaa. Tachi alikuwa na lake jambo. Kwanza, hakuwahi kumtazama mama usoni. Kila asubuhi aliwasha vijiti vya ubani, akavichomeka kwenye bakuli la majivu, na muda wote macho ameyafumba au yako chini, kama mtu anayemwomba mwenzake msamaha. Pili, hakupigwa picha. Siku ya harusi ya Lian familia nzima ilijipanga, na Tachi akasimama nyuma ya nguzo. Ukitazama picha hiyo utaona kiwiko. Na wiki iliyopita tu, muuza tambi wa mtaa wao alimwambia Lian kwamba kuna mwanamume wa tai na viatu vya kung'aa ameingia kwa dada yako, amekaa sana, ametoka anatabasamu. Lian alicheka siku ile. Alidhani Tachi amepata mchumba wa uzeeni.

*

Jumatatu asubuhi alikwenda kwao. Alibeba vitumbua vya nazi ili aonekane amekuja kwa heri. Aliingia kwa mlango wa mbele, akavua viatu, akainua macho kwenda juu ya madhabahu kumsalimia mama.

Ukuta ulikuwa mtupu. Palibaki alama ya mstatili, nyeupe kuliko chokaa ya pembeni, na msumari.

Lian aliweka vitumbua chini polepole, asije akavitupa.

"Umekuja mapema," Tachi alisema, akitokea jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa mwembamba, mweupe wa nywele, na hereni yake moja ya dhahabu.

"Tachi, Mama yuko wapi?"

"Kwa fundi wa fremu. Ameota ukungu ndani ya kioo. Unajua mvua hizi."

"Fundi gani?"

"Si Ah Chuan? Kuna fundi mwingine?"

"Tangu lini?"

"Lian, umekuja kunihoji au umekuja kula? Kaa. Kuna uji."

"Ukungu ulikuwa sehemu gani?"

Tachi alimtazama kidogo. "Sehemu ya ukungu," alisema, akarudi jikoni.

Lian alikaa, akala uji, akajitia hamnazo. Lakini macho yake hayakula. Aliona kwamba bakuli la majivu lilikuwa na vijiti vitatu vipya, vimeungua nusu. Dada yake alikuwa amewasha ubani asubuhi hiyo mbele ya msumari. Mtu aliyepeleka picha kwa fundi angesubiri irudi. Anayewashia ukuta mtupu, Lian aliwaza, ni yule anayejua kwamba hairudi, na sasa anaomba radhi.

"Kuna mtu alikuja hapa juzi juzi?" aliuliza akiwa anaosha bakuli.

"Mtu gani?"

"Wa tai."

"Wa bima," alisema Tachi bila kugeuka.

Kutoka pale Lian alikwenda moja kwa moja kwa Ah Chuan. Hata mwavuli aliusahau. Fundi yule alikuwa akigongagonga misumari midogo, redio inaimba, na karakana nzima inanuka gundi.

"Tachi wako? Sijamwona tangu Mwaka Mpya," alisema. "Na pasteli hawezi kunipa mimi, ananijua. Zile si rangi, ni vumbi lililokubali kukaa. Nikipiga chafya hapa nimewapukutisha wazee wa watu."

"Una hakika?"

"Dada, mwanamke wa sikio moja na nusu aje hapa nimsahau?"

Basi. Alidanganya mara mbili kabla uji haujapoa. Lian alirudi nyumbani kwake, na alipomsimulia Kim Teik alikuwa analia kwa hasira, machozi ya kweli, akiyafuta kwa mkono kama mtoto.

"Ungemuuliza tu kuhusu gazeti," alisema Kim Teik.

"Nimuulize ili anidanganye mara ya tatu? Hapana. Nitamkuta huko huko."

"Halafu?"

"Nitamnunua mama kwanza. Ugomvi baadaye."

"Utamnunua mama yako mwenyewe?"

"Unataka anunuliwe na nani? Yule Datuk wa mahoteli?"

Datuk ni cheo cha heshima anachopewa mtu na serikali. Datuk Yeap sote tunamjua. Ananunua nyumba za wazee wetu, anazipaka rangi ya waridi, anazigeuza hoteli, kisha anawatundika wazee wa watu baani, juu ya chupa, wageni wapige nao picha. Hana ubaya wa moyo, ndiyo maana huwezi hata kumchukia vizuri. Gazeti lilisema atakuwepo.

*

Ukumbi ulikuwa umejaa Lian alipofika Jumatano, na feni za darini zilikuwa zinasukuma joto kutoka upande huu kwenda ule. Alijiandikisha mlangoni, akapewa kibao chenye namba, akakaa safu ya nyuma kabisa nyuma ya mwanamke mnene. Alitaka kuona bila kuonwa.

Na aliona. Kwenye mlango wa pembeni Tachi alikuwa amesimama na mwanamume wa tai na viatu vya kung'aa. Kumbe wa bima ndiye dalali mwenyewe, Bwana Ravindran, msimamizi wa mnada. Alikuwa ameinama kwa adabu, anamnong'oneza Tachi sikioni, na Tachi anatikisa kichwa kukataa, anakataa tena. Wanapatana bei, alisema Lian moyoni. Hajaridhika na fungu lake. Kisha Tachi akaenda kukaa safu ya mbele na mwavuli wake mapajani, wima, kama yuko kanisani kwa watu.

Mnada ukaanza kwa rangi za maji, na hata Lian, pamoja na sumu yote aliyokuwa nayo rohoni, alilazimika kutazama. Mzee Cheah alikuwa fundi. Kulikuwa na nyumba za juu ya nguzo kule gatini, na muuza miwa, na mtaa mzima wa maduka ukinyeshewa. Mvua yenyewe hakuichora. Aliiacha karatasi nyeupe ipite katikati ya rangi, ukaona inanyesha. Watu wakanyosha vibao, Bwana Ravindran akagonga nyundo, kazi zikaenda moja moja. Datuk Yeap, na shati lake la batiki la hariri, akachukua ile ya mvua na kutabasamia ukumbi.

Halafu wakaleta pasteli.

Msaidizi aliiweka juu ya kiegemeo pale mbele, na Lian akaegemea mbele. Alikuwa yeye. Kwa umbali ule, bila miwani, aliona kebaya ya kijani, mashavu yenye damu, macho yale yale yaliyomwona akikua. Fremu ilikuwa mpya. Wamembadilisha fremu ili asijulikane, aliwaza.

"Binti wa Kebaya ya Kijani," alisema Bwana Ravindran. "Pasteli, baada ya vita. Mimi naiona ndiyo kazi bora ya mzee Cheah. Tuanze na ringiti elfu mbili."

Kibao cha Datuk kikapanda. Lian akashika chake, akavuta pumzi, na kabla hajakiinua kikapanda kibao kingine safu ya mbele. Mkono mwembamba. Hereni moja.

Tachi alikuwa ananunua!

Datuk akapandisha, Tachi akapandisha. Datuk akacheka, akapandisha tena, na Tachi papo hapo juu yake, bila hata kugeuza shingo. Mwanamke aliyevaa kandambili zilezile miaka nenda rudi. Ndipo Lian akaelewa, au akadhani ameelewa. Mbinu hiyo ipo, kila mtu anaijua: mwenye mali anajifanya mnunuzi, anamsukuma tajiri juu, juu, kisha anaufyata na kumwachia. Dada yake alikuwa anampandisha mama bei kama pweza wa sokoni.

Alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Simamisheni! Huyo mwanamke ni mwizi! Ndiye mwenye picha, anajipandishia bei mwenyewe!"

Feni zilisikika zote.

"Bibi, tafadhali..." alianza Bwana Ravindran.

"Ameitoa juu ya madhabahu! Ni mama yetu huyo! Muulizeni! Tachi, waambie watu hawa jinsi ulivyonidanganya kwamba Mama yuko kwa fundi!"

Vichwa vyote viligeuka, kwanza kwa Lian, kisha kwa yule mzee wa safu ya mbele. Tachi hakugeuka. Kile kibao alikishusha taratibu mapajani, akakilaza juu ya mwavuli, akaweka viganja viwili juu yake.

Bwana Ravindran alishuka jukwaani hatua moja. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Lian baridi. "Bibi, picha hii ni ya mpwa wa mchoraji. Tumeitoa kwenye sanduku la mzee Cheah mwenyewe. Haijawahi kutundikwa ukutani hata siku moja. Dada yako hauzi chochote hapa. Amekuja kununua, kama wewe."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka. Mwanamke mnene alimwinulia kiti, na Lian akakaa.

"Zabuni iko kwa Datuk," alisema Bwana Ravindran akirudi juu. Alimtazama Tachi. Akasubiri. "Kuna zaidi? Bibi?"

Tachi alitikisa kichwa. Lian alikuwa na kibao mkononi muda wote huo, na hakukikumbuka mpaka aliposikia nyundo.

*

Tachi alitoka kwa mlango wa pembeni, mwavuli kwapani. Lian hakumfuata. Alikwenda mbele, maana kulikuwa na jambo lililokuwa likimsumbua. Sanduku. Haijawahi kutundikwa. Sasa mama gani huyu?

Alivaa miwani.

Kwa karibu alikuwa msichana. Yule wa nyumbani ana mistari kando ya mdomo na uchovu chini ya macho, na moshi wa ubani umemfanya wa manjano. Huyu alikuwa mbichi. Midomo ilikuwa imeachana kidogo, meno yanaonekana, kama mtu aliyeambiwa atulie na ameshindwa kuzuia kicheko. Kebaya ilimzidi mabega. Ilikuwa ya mtu mwingine.

Lian alitazama sikio la kulia, lina hereni. Akatazama la kushoto. Mzee Cheah hakuficha kitu: ndewe ilikuwa imepasuka vipande viwili, na kwenye mpasuko aliweka alama ndogo ya chaki nyekundu.

Mtu alikohoa kando yake.

"Pole sana, bibi," alisema Datuk Yeap, na sauti yake ilikuwa ya huruma. "Sikujua habari za familia. Nasikia huyu ni mama yako?"

"Hapana," alisema Lian. "Huyu si mama yangu."

*

Alimkuta Tachi amepanda juu ya stuli mbele ya madhabahu, anahangaika kuitundika picha. Mama alikuwa amerudi, na fremu yake nyeusi ya siku zote, na vumbi la uvunguni mwa kitanda kwenye kona za kioo.

"Nishikie huku," alisema Tachi. "Usitingishe."

Lian akashika. Walitundika pamoja, wakainyoosha, Tachi akashuka kwa kujishika bega la mdogo wake. Kwa mara ya kwanza Lian alitazama sikio la kushoto la mama kama unavyotazama kitu, si kama unavyomtazama mtu. Lilikuwa zima. Lakini chaki ya pale chini ilikuwa nzito kuliko kwingine, imerudiwa, imeshindiliwa.

"Ni wewe," alisema Lian.

"Sasa umeona."

"Picha ile iliyoliwa na mchwa..."

"Hapakuwa na picha. Zote ziliungua, Lian, hata moja haikubaki. Mzee Cheah alikuja siku ya tatu ya msiba, akaomba picha, akaambiwa hakuna. Wachoraji wa marehemu wakikosa picha wanauliza jambo moja: kati ya watoto, nani aliyechukua uso? Watu wote wakaninyoshea mimi kidole." Tachi alikaa kwenye stuli. "Bibi akanivika kebaya ya Mama. Ilikuwa bado inanuka mafuta yake ya nywele. Mara ya kwanza akanichora nilivyo, auzoee uso. Ndiyo ile ya leo. Aliniambia mzaha mchafu kuhusu kasuku, nikacheka, mama yangu hajamaliza hata wiki kaburini. Ya pili akaniongeza miaka. Na sikio akalitengeneza. Alisema mama akija kwa wanawe na sikio bovu, atawasikiaje?"

"Lakini tumekuwashia ubani, Tachi! Mtu hai! Nimekupigia magoti tangu nina meno ya utoto. Kumwashia mtu hai ni kumwombea kifo!"

"Unaniambia mimi? Bibi hakulala siku ngapi kwa hilo. Mwisho akaamua niwe ninawasha mwenyewe, kila siku, wa kwanza kabla ya wengine, eti balaa likija linikute ni mimi mwenyewe nimeliita, liondoke." Akacheka kidogo. "Na sijafa, unaona. Nimekonda tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Lini? Ulikuwa unashtuka usingizini unamlilia mama. Nikakubeba mpaka hapa nikakuonesha. Ukanyamaza papo hapo, ukamnyoshea kidole. Ningekuambia siku hiyo? Au siku ya harusi yako? Kila mwaka nilisema mwakani. Nikawa sipigwi picha, usije ukaziweka pamoja ukaona. Halafu anakuja huyu Ravindran na viatu vyake, amesikia kuna pasteli ya Cheah hapa, anataka waziweke mbili kando kando, watu waje washangae. Hata leo pale mlangoni alikuwa ananibembeleza. Nikamficha Mama uvunguni, nikaamua ile nyingine niinunue."

"Ili nisijue."

"Ili usijue," alikubali Tachi. Kisha, kwa sauti ya chini: "Na pia nilitaka niwe nayo. Sina picha yangu nikiwa na meno yote."

Lian aliangua kilio. Alilia akiwa amepiga magoti sakafuni, kichwa juu ya mapaja ya dada yake, akisema nisamehe, nisamehe, nimekuita mwizi mbele za watu, na picha yenyewe nimeipoteza. Tachi alimpigapiga mgongoni kama anavyopigwa mtoto atoe cheu.

"Nyamaza. Ataitundika wapi?"

"Baani," alisema Lian, na kilio kikazidi.

"Baani! Wee, mbona vizuri." Tachi alicheka kweli sasa, mpaka hereni ikacheza. "Nimekula moshi wa ubani maisha yangu yote. Wacha na mimi ninuse brandi kidogo. Na siku nikifa msihangaike na mchoraji, nipo tayari ukutani."

Lian alicheka na kamasi. Wakakaa hivyo. Nje muuza tambi alikuwa anagonga kijiti chake akiita wateja. Lian akainua macho tena kwa yule mwanamke wa nyuma ya kioo, ambaye maisha yake yote alimweleza kila kitu, na jambo moja tu likabaki. Alijua hapaswi kuliuliza, akaliuliza.

"Lakini alifanana? Mama alikuwa hivi?"

Tachi aliinamisha macho.

"Mwanzoni niliijua tofauti," alisema. "Kidevu hakikuwa hiki. Au kidevu kilikuwa hiki, pua ndiyo haikuwa. Ndiyo maana nilikuwa nafumba macho kila nikiwasha. Niliogopa nikiitazama sana itamfuta. Nikawa namshika kichwani, namwangalia huko ndani, haraka, kabla kijiti hakijaungua." Alijipapasa ile ndewe iliyopasuka. "Simwoni tena, Lian. Siku nyingi sasa. Nikimtafuta, najiona mimi."

Ubani wa asubuhi ulikuwa umeshazimika. Lian alijiinua, akachukua vijiti sita kwenye kopo, akaviwasha, akampa dada yake vitatu. Wakasimama bega kwa bega mbele ya picha, na safari hii wote wawili wakafumba macho.